Shukrani ya Kumi na Saba

Sellah aliingia kwangu siku ya kwanza na swali moja tu. Hakuuliza gemu gani ziko, hakuuliza ni ngapi kwa saa. Aliuliza, "Hiyo mashine ya kona iko na kadi gani ya picha?"

Mimi niko na kibanda cha gemu hapa Kefinco, Kakamega, nyuma ya hadiwea ya Masinde. Skrini nne, viti vya plastiki, na mashine moja kubwa ya kona ambayo nilijenga mwenyewe, kipande kwa kipande, miaka miwili. Hiyo mashine mtu haigusi bila mimi kusema. Nikamuuliza yeye ni nani anakuja kupeleleza kadi ya mtu.

"Naitwa Sellah. Nasoma hapo chuo, mastazi. Natengeneza dawa."

"Dawa inatengenezwa na gemu?"

"Gemu sitaki. Nataka kadi."

Nikamwambia atoke. Akatoka bila kununa, na hiyo ndiyo iliniudhi zaidi. Kesho yake nikija kufungua saa kumi na mbili asubuhi, nikamkuta amekalia ndoo yangu ya maji ameipindua, laptopu kwa mapaja. Akasema hesabu yake kwa hiyo laptopu itachukua miezi minne. Kwa kadi yangu, siku sita.

"Na nani alikwambia niko na kadi?"

"Hakuna. Nilikuwa napita barabarani nikasikia feni. Mashine ya kawaida hailii hivyo."

Hapo nikafungua mlango. Mtu akisikia feni ya mashine yako kutoka barabarani akaielewa, huwezi kumfukuza mara mbili.

Tukapatana hivi. Wasee wangu wa gemu wanakujanga kuanzia saa kumi, wakitoka kazi na shule. Kwa hivyo yeye atumie mashine kutoka asubuhi mpaka saa nane. Saa nane na si zaidi, kwa sababu Kakamega saa tisa mvua inakuja, na mvua ikija na ngurumo stima inaenda. Saa nane kamili alikuwa anahifadhi kazi, anazima, anachomoa waya kutoka kwa ukuta na kuikunja kama kamba ya mbuzi. Siku ya pili nilimuuliza kama hiyo kuchomoa ni lazima. Saa tisa na robo radi ikapiga mlingoti wa hapo chini na redio ya Masinde ikaungua. Sikuuliza tena.

Nitawaeleza alichokuwa anafanya vile mimi nilielewa. Nilitoka shule kidato cha pili, kwa hivyo kama kuna mahali nimepotea, mtanisamehe au mkae nayo.

Ndani ya seli ya mtu kuna kiini. Kuna protini fulani ambazo kazi yao ni kungoja homoni. Homoni ikifika, protini inaishika, inaingia nayo kwa kiini, inakalia zile jeni, zingine inawasha, zingine inazima. Sellah aliziita vipokezi vya kiini. Wazungu na Wajapani na watu wengine wa huko wamezipiga hizo protini eksirei mpaka wakajua kila atomu imekaa wapi, halafu wakaweka faili kwa intaneti, bure. Jina la faili ni namba na herufi, nne kwa jumla, kama namba ya gari imekatwa nusu. Mtu wa Kefinco akiwa na bando anaishusha. Ukiifungua kwa skrini inakaa kama utepe wa zawadi ambao mtu ameukunja kwa hasira, na katikati kuna mfuko. Homoni inakaa kwa huo mfuko. Dawa pia. Ikikaa sawa, kipande cha mwisho cha utepe, cha kumi na mbili, kinashuka kinaifunika kama kifuniko cha sufuria.

Kipokezi cha Sellah ni kile kinashika prednisoloni. Hakukichagua kwa kitabu. Mama yake, Mama Emily wa Khwisero, amemeza prednisoloni miaka sita. Aligonjeka baridi yabisi, vidole vikajikunja mpaka akawa hawezi kushika jembe wala mwiko, na huko kwao mama asiyeweza kusonga obusuma, ugali wa nyumbani, watu wanaanza kuongea juu yake kama hayuko. Sellah akiwa kidato cha tatu ndiye alikuwa anamfunga vifungo vya nguo. Baba alikuwa amekufa, shamba la miwa likabaki kwa mdogo wake, Cleophas.

Prednisoloni ikazima moto kwa viungo. Vidole vikafunguka. Lakini kipokezi ni kile kile, kikizima moto huku kinawasha mambo mengine kule. Sukari ikapanda. Mifupa ikaanza kulegea. Uso ukavimba ukawa mviringo. Kwa soko la Khwisero walikuwa wanampongeza. "Emily, msichana ameandikwa kazi?" Walidhani amenenepa kwa kula. Alikuwa anawajibu ndio, anaandikwa karibuni.

Kwa hivyo Sellah alitaka molekuli ingine itakayokaa kwa ule mfuko tofauti kidogo, kifuniko kishuke nusu, moto uzimwe na hayo mengine yasiwashwe. Alikuwa amechora hamsini na tatu kwa kompyuta. Hakuna hata moja imewahi kuwa kwa chupa. Akazipima moja moja, inaingia namna gani, inashika wapi, na kila moja ikapata alama. Namba kumi na saba ilipata alama kushinda zote, tena mbali. Mwalimu wake, Daktari Cherop, akamwambia asifurahie alama, aiache itembee. Yaani uweke protini na dawa ndani ya maji ya kompyuta, uache atomu zote zitingishike vile zinatingishika kwa mwili, uone kama dawa itakaa au itatoka. Ikikaa, Daktari Cherop ana watu wa kemia atawaomba waitengeneze kidogo, ya kweli. Hiyo ndiyo kadi yangu ilikuwa inafanya.

Kila siku tulikuwa tunapata nanosekunde hamsini. Nikamuuliza nanosekunde ni nini. Akasema gawa sekunde kwa bilioni. Nikahesabu kwa simu: kupata sekunde moja nzima tungehitaji miaka elfu hamsini na nne na zaidi. Nikamwambia kodi itakuwa imepanda.

Wiki ya kwanza alitembeza ile dawa ya zamani ya mama yake, ya kulinganisha. Ilikaa siku sita kama mtu amelipiwa. Jumamosi alipomaliza, akaenda nyumbani Khwisero, na kwa simu alikuwa amebeba picha ya kumi na saba imekaa kwa mfuko, inazunguka polepole, kijani.

Hii inayofuata sikuwepo, nimeambiwa na Mama Emily mwenyewe na Sellah hakukataa.

"Hii inameta hivi ni nini, mwana wanje?"

"Ni ile protini, Mama. Uko nayo ndani. Na huyu wa kijani ni dawa yangu. Kumi na saba."

"Umemaliza?"

"Amekaa vizuri kushinda wote. Sasa Jumatatu..."

Hapo Cleophas akaingia na wageni wa kanisa wawili, chai ikatafutwa, ingokho, kuku wa mgeni, ikakimbizwa ikashikwa, simu ikapita mkono kwa mkono watu wakiangalia kijani ikizunguka. Baba mdogo Cleophas ni mzee wa kanisa. Akauliza, "Hii ndiyo dawa ya Emily?" Sellah akajibu, "Ndiyo, Baba mdogo, lakini bado." Watu wakasikia yote mawili. Wakaamua kukaa na la kwanza. Mvua ilikuwa inakuja, Sellah akaondoka. Ile sentensi ya Jumatatu hakuimaliza.

Sasa kwa lile kanisa lao la nyumbani shukrani haingoji. Ukiahidiwa kitu, unashukuru mapema, kwa bahasha, jina lako juu na kitu chenyewe. Na ukishashukuru, hauendelei kutumia kile cha zamani, maana hiyo ni kama kusema hukuamini. Kuna mtu mwaka juzi alishukuru mabati akaacha kuziba paa la nyasi. Alinyeshewa miezi minne na wakamsifu.

Jumapili Mama Emily akaandika kwa bahasha: *Emily. Shukrani ya dawa ya mtoto.* Ndani akaweka vidonge vyake vyote vya prednisoloni. Anayefungua bahasha ni Cleophas. Akaviona, akaelewa, akatikisa kichwa kwa heshima, akavifungia kwa kabati la kanisa pamoja na vikombe vya meza ya Bwana.

Hospitali walikuwa wamemwambia Mama Emily hizo dawa hazikatizwi ghafla. Yeye alichukua hayo ni maneno ya watu ambao hawana ingine inakuja.

Shida ni hii, na pale nyumbani hakuna aliyeijua. Mwili wa mtu unajitengenezea hiyo homoni wenyewe. Ukiletewa kutoka nje miaka sita, unaacha. Unalala kabisa. Ukikata ghafla, haujui kuamka. Presha inashuka, tumbo linakataa chakula, na mtu anaweza kuenda hivyo tu kwa wiki moja, amelala kwa kitanda chake, watu wakisema amechoka.

Sellah hakujua mama ameacha. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu akawasha kumi na saba.

Siku hizo Were alikuwa anakujanga asubuhi. Were anakata miwa, na kama lori haijatoka anakuja kunikalia. Aliangalia skrini ya Sellah dakika kumi nzima.

"Hii gemu haina adui?"

"Si gemu," Sellah akasema.

"Lakini huyu wa kijani anacheza namba gani?"

"Kumi na saba."

"Winga wa kushoto," Were akasema, akavuta kiti.

Kufika Jumanne kulikuwa na watu wanne. Wanakaa nyuma yake na chai, wanaangalia utepe ukitingishika. Ikisogea kidogo wanasema amechezewa vibaya. Mimi nilifukuza wawili kwa sababu walikuwa wanaegemea meza. Sellah hakuwa anasema kitu, lakini Jumatano nilisikia na yeye anasema, "Leo ameshikilia." Jumatano jioni alimpigia mama yake. Mama akasema yuko sawa, amechoka kidogo tu, vidole vinauma kwa sababu ya baridi. Baridi ilikuwa kweli. Sellah akamwambia avae sweta.

Alhamisi saa tano Sellah alikuwa nje anaosha kikombe. Were akaniita bila kugeuza kichwa.

"Sammy. Huyu wako anatoka."

"Anatoka wapi?"

"Uwanjani."

Sellah akaingia na kikombe bado na povu. Kwa ile kona ya ndani ya mfuko, maji mbili zilikuwa zimeingia, molekuli mbili tu, ndogo hivi. Zikakaa. Kumi na saba akasogea kidogo, akageuka ubavu, kifuniko kikaachilia, na akatoka. Hakuenda haraka. Alitoka kama mtu ameona mwenye kiti amerudi.

Sellah akarudisha nyuma akaangalia mara sita.

"Ni hiyo maji," akasema.

"Imetoka wapi?" nikauliza.

"Ilikuwa pale. Kwa faili ya kwanza kabisa iko. Wale wa eksirei waliiona wakaiweka. Ile dawa ya mama imeshikana nayo mkono. Mimi niliitoa."

"Uliitoa kwa nini?"

"Somo linasema kabla ya kupima alama, toa maji. Kila mtu anatoanga. Hesabu inaenda haraka."

"Kwa hivyo huyu alipata alama nyingi kwa kukalia kiti cha mwenyewe akiwa hayuko."

"Ndio."

Mimi nilikasirika. Nilimwambia wiki mbili nimefukuza watu kwa mashine yangu kwa ajili ya mtu wa kukalia viti. Nilisema na mengine. Yeye akaenda kumaliza kuosha kikombe. Alikiosha muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji.

Ijumaa akarudia kutoka mwanzo mwingine, pengine ni bahati mbaya. Kumi na saba akatoka mapema zaidi, hata chai haijaiva. Saa nane Sellah akachomoa waya, akaenda kwa Daktari Cherop. Alirudi na jibu lote alilopewa: "Rudisha maji mahali pake, pima zote hamsini na tatu tena. Karibu kwa kazi."

"Ni hayo tu?"

"Alinipatia ndizi."

Jumamosi asubuhi akasema lazima amwambie mama kabla ya Jumapili, maana watu wa kanisa wanaweza kuwa wameshaanza kuongea. Simu yake sikio limekufa, inaongea kwa spika tu, kwa hivyo sote tulisikia.

"Mama, mulembe. Kuhusu ile kumi na saba..."

"Mulembe, mwana wanje." Sauti ilikuwa kama inatoka chini ya blanketi tatu. "Nilikuwa nataka kukuuliza inafika lini. Si kwa haraka. Ni vile leo sijaamka."

"Hujaamka namna gani?"

"Nikisimama nyumba inazunguka. Natapika kidogo. Cleophas anasema ni ile ya zamani inatoka."

Sellah akaweka kikombe chini.

"Mama. Umemeza lini mara ya mwisho?"

"Nilishashukuru."

"Lini?"

"Si ilikuwa Jumapili."

Nimeona watu wakipigwa, nimeona mtu akiangukiwa na mlango wa lori. Sijawahi ona rangi ikitoka kwa mtu hivyo. Alisema, "Mama, lala, inua miguu kwa mto, kunywa maji na chumvi kidogo, nakuja." Akasimama katikati ya kibanda, hajui aanze na mguu gani.

Jumamosi ndiyo siku yangu. Kulikuwa na wasee sita nje wanangoja. Nikafunga. Mmoja akasema, "Bana Sammy, tumetoka Lurambi." Nikamwambia arudi Lurambi. Nikachukua pikipiki ya Masinde. Yeye alikuwa anahesabu misumari, nikamwambia naenda Khwisero, na kabla ajibu tulikuwa barabarani.

Njiani Sellah aliongea kitu kimoja tu, kwa mgongo wangu. "Ni sentensi moja. Ningeimalizia mlangoni."

Tulimkuta kwa kitanda, midomo imekauka, uso ule wa mviringo umekuwa wa majivu. Kina mama wawili walikuwa wanaimba pole pole. Cleophas alikuwa amesimama mlangoni na koti.

"Tulieni," akasema. "Ni ya zamani inatoka mwilini."

"Mzee, songa."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni wa gemu. Songa."

Alisonga. Jirani yao ni mwalimu, ana gari, Proboksi. Tulimbeba Mama Emily na godoro lake. Alikuwa mwepesi kuliko uso wake unavyosema.

Kwa kituo cha afya zamu ilikuwa ya kijana anaitwa Titus, klinikoo, yaani ofisa tabibu. Akaanza kuuliza alikula nini, amepimwa malaria lini. Mimi nikaanza kupiga kelele. Sellah akaniwekea mkono kifuani, akamwambia Titus kama anasoma orodha ya soko:

"Prednisoloni miaka sita. Ameacha siku sita, zote mara moja. Anatapika, presha iko chini, utaona. Anahitaji haidrokotisoni ya mshipa, miligramu mia moja, na dripu ya maji ya chumvi. Halafu upime sukari. Malaria pima baadaye."

Titus akafunga presha, akaangalia, akafungua kabati bila kuongea. Sindano ikiwa imeingia na dripu inatiririka ndipo aliuliza.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ni wa kompyuta."

"Kompyuta gani?"

"Yangu," nikasema.

Saa tisa mvua ikapiga mabati ya kituo na stima ikaenda, kama kawaida. Mama Emily akafungua macho. Kitu cha kwanza aliuliza ni nani ameacha godoro lake nje. Nikaenda nikaliingiza.

Titus akasema dripu ikiisha na akishika chakula, atarudi kwa vidonge vyake vya kila siku, na asiache tena bila kushushwa pole pole na daktari. Mama Emily akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema hapana.

"Nimeshashukuru," akasema. "Sindano mmenidunga nikiwa sijijui, hiyo si yangu. Lakini kumeza kwa mkono wangu mwenyewe siwezi. Nitakuwa nimemcheka Mungu."

Titus akaangalia dari. Nikamuuliza mama kama anataka kufa ili bahasha isitoke uongo. Akaniangalia vile unaangalia mbuzi wa jirani.

"Huyu ni nani?" akamuuliza Sellah.

"Ni wa mashine."

"Anafanana na mashine."

Cleophas alikuwa amefika, koti linadondoka maji. Nikamwambia alete vidonge kutoka kwa kabati. Akasema kilichotolewa madhabahuni hakirudishwi, hata kuku harudishwi. Nilitaka kumshika hiyo koti. Sellah akavuta kiti akakaa karibu na mama yake, akatoa simu.

"Mama, ulishukuru kwa dawa gani?"

"Yako."

"Angalia."

Akamwekea kumi na saba. Yule kijani amekaa, anatingishika, maji mbili zinaingia kwa kona, anageuka, anatoka. Mama Emily aliangalia bila kupepesa. Cleophas akainama nyuma ya kiti.

"Anaenda wapi?" mama akauliza.

"Ametoka. Hakai. Hajawahi kukaa, mimi ndio nilikuonyesha mapema, ukafurahi. Nilikuwa nataka kukwambia bado kupimwa siku sita, na wageni wakaingia."

"Kwa nini anatoka?"

"Mahali alikaa ni pa maji. Nilikuwa nimeitoa."

"Hiyo maji ilikukosea nini?"

"Haikunikosea, Mama. Watu wanaitoanga."

Nje mvua ilikuwa inapiga sasa sawasawa.

"Ingine inakuja lini?"

Hapo ndipo nilidhani atamdanganya. Mimi ningemdanganya. Ningesema mwezi ujao, meza tu hizi za kusukuma siku.

"Nikibahatika sana, Mama, miaka kumi na tano. Pengine hata isije. Pengine ije na mimi si mwenye aliitengeneza."

Cleophas akavuta pumzi. Titus akajifanya anaandika.

"Na ile ya zamani," Mama Emily akasema, "ile yangu. Yeye unaye hapo?"

Sellah hakutarajia hiyo. Akatafuta kwa simu, akapata ile ya wiki ya kwanza. Prednisoloni ndani ya mfuko, rangi ya manjano, kifuniko kimeshuka juu yake, maji kando yake imeshikana nayo. Inatingishika, haitoki. Mama akamwambia aendelee. Akaendelea. Siku sita zote zilikuwa zimefupishwa kwa dakika nne, na Mama Emily aliangalia zote nne.

"Hatoki?"

"Hatoki."

"Hata maji hakuifukuza."

"Hapana. Amekaa nayo."

"Miaka sita," Mama Emily akasema. "Amenivimbisha uso, amenipandishia sukari, na amenikalia hivyo miaka sita. Nilishukuru huyu wa kijani ambaye hajawahi hata kuniingia mdomoni. Huyu sijamshukuru hata siku moja." Akageuza kichwa. "Cleophas."

"Shemeji."

"Bahasha ni yako kufungua?"

"Ni yangu."

"Iliandikwa shukrani ya dawa ya mtoto. Mtoto hana dawa. Kwa hivyo hiyo bahasha haina mwenyewe. Nitaandika ingine ya huyu wa manjano, na huyu anashukuriwa kwa kumezwa. Enda ulete."

Mimi nilikuwa tayari kwa lolote. Cleophas akasema kabati lina kufuli ngumu wakati wa mvua, akaenda. Alirudi baada ya saa moja na vidonge kwa mfuko wa plastiki, bahasha ameacha huko. Titus akahesabu, akatoa vya kesho asubuhi, akaeleza vya siku zinazofuata. Mama Emily akavifunga kwa pembe ya leso. Kesho yake alivimeza kwa uji, Sellah akiangalia, na akafungua mdomo kuonyesha ameteremsha, bila kuombwa.

Pikipiki ya Masinde niliirudisha Jumapili. Hatujaongea sana tangu hapo.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu Sellah alikuwa mlangoni. Amerudisha maji, amepima zote tena. Kumi na saba sasa ni wa thelathini na nane. Wa kwanza ni arobaini na moja, ambaye mara ile hakuna mtu alimwangalia, na hata sasa alama zake si za kuringa nazo. Were akauliza huyu anacheza namba gani. Akaambiwa. Akasema hakuna jezi kama hiyo lakini atangoja.

Siku hizi saa nane kasoro dakika tano simu inalia, kabla ya mvua, kabla achomoe waya. Inaongea kwa spika, kwa hivyo kibanda kizima kinasikia.

"Huyo arobaini na moja amekaa?" Mama Emily anauliza.

"Leo amekaa. Umemeza?"

"Nimemeza."

"Mama, usimshukuru."

"Simshukuru. Naulizia tu."